Miti ya Bwana wa Mjini

Mimi ni fundi seremala. Kibanda changu kipo Katandala, mjini Sumbawanga, na kwa miaka mingi mtu akiniuliza kwa nini sikusoma chuo nilikuwa na jibu moja: baba yangu hakuniwekea hata senti. Nimewaambia wateja, nimemwambia mke wangu, nimewahi kumwambia hata mtu aliyesimama kibandani kwangu kujikinga na mvua tu. Tena nalisema kwa sauti, maana nikiwa na hasira sijui kunong'ona.

Mwaka jana mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza, wa kike. Nikaapa huyu hatakuja kunisema kama ninavyomsema baba. Sasa, kuweka pesa ndani siwezi, najijua. Ikikaa kabatini wiki moja nitaitafutia kazi. Nikaona bora niende kijijini kwetu, upande wa Mwazye, nimwombe baba kipande cha ardhi nipande paina. Mtoto akue, miti nayo ikue. Nilijiona mjanja sana, kama vile hakuna aliyewahi kuliwaza jambo hilo kabla yangu.

Niliwakuta uani. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda anapukuchua mahindi, mama anapepeta ulezi. Nikawasalimia shikamoo zao, nikapewa togwa, nikaeleza kilichonileta.

"Kipande gani?" baba akauliza.

"Kile cha mteremkoni. Palipokuwa na miti ya yule bwana wa mjini."

Hapo lazima nirudi nyuma kidogo. Nilipokuwa mtoto, chini ya nyumba yetu kulikuwa na shamba la paina. Baba alituambia ni la bwana mmoja wa Sumbawanga, yeye analipwa kulitunza tu. Na alilitunza kweli. Kila kiangazi alilima ukanda mpana kulizunguka ili moto wa nyika usivuke. Alipogoa matawi kwa mkono wake, na sisi watoto tulikatazwa kuokota hata kijiti. Huyo bwana hakuwahi kuja hata siku moja kuona mali yake, lakini mimi sikushangaa. Niliamini matajiri ndivyo walivyo.

Nilipokuwa darasa la sita ikafika kiangazi, upepo wa kwetu unavuma mpaka midomo inapasuka, na watoto wote tunawinda panya wa porini. Asiyejua atajua leo: unachoma majani, panya wanatoka mashimoni wakikimbia moshi, wewe unawasubiri na fimbo. Nikachelewa. Siku niliyopata nafasi, nyanda zote zilikuwa zimeshaungua, nyeusi tupu mpaka macho yanapoishia. Majani marefu yalikuwa yamebaki sehemu moja tu, ndani ya ule ukanda, katikati ya miti ya yule bwana. Nikaingia peke yangu, nikawasha.

Nilipata panya tisa. Nikageuka kumtafuta wa kumi, nikaona moto umeshapanda kwenye matawi, na paina ikishika moto inalia. Nilikimbia. Sikuwaacha panya.

Mama aliwakaanga, kwa kuwa mboga ilikuwa shida wiki ile. Baba alirudi magharibi, miguu imejaa majivu, nyusi zimeungua. Akanawa, akakaa, akala. Alisema neno moja tu: "Miti ya yule bwana imeisha." Wiki nzima nilimngoja yule bwana aje na polisi. Hakuja. Nikashukuru Mungu, nikafunga mdomo, nikakua.

Nilipomaliza kidato cha nne nilifaulu, nikachaguliwa chuo cha afya. Nilitaka kuwa mganga, niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Baba akaniambia, "Uwezo hatuna, mwanangu." Miezi mitatu sikumwamkia. Halafu nikaenda mjini kujifunza randa na msumeno.

Basi, turudi uani.

"Kwa nini unataka kile?" baba aliuliza tena.

Nikalitoa lililokuwa moyoni. "Nataka mwanangu akute kitu. Sitaki naye aje aambiwe uwezo hatuna."

Baba hakunyanyua macho. Aliyeacha kazi ni mama. Ungo ulibaki mikononi, hauendi juu wala chini.

"Mwambie," alimwambia baba.

"Acha, mama," baba akasema.

"Nimeacha miaka yote hii. Leo siachi." Akanigeukia. "Hakuna bwana wa mjini. Hajawahi kuwepo. Ile miti baba yako aliipanda mwezi uliozaliwa wewe. Ilikuwa ya shule yako."

Nilicheka. Naona aibu kusema, lakini ndivyo nilivyofanya, kicheko kimoja kibaya. Halafu togwa ikamwagika kwenye suruali na sikuisikia. Niliyatazama yale mahindi kwenye kapu kama mtu ambaye hajawahi kuona mahindi.

"Kwa nini ulitudanganya?" nikauliza.

"Ningesema ni yangu, kila mwenye msiba angekuja kuomba mbao za jeneza, kila anayejenga angeomba boriti. Ningewanyima vipi ndugu? Ya mtu wa mjini haombi mtu." Akapukuchua hindi mpaka likaisha. "Na wewe ungejua una miti, ungebweteka. Nilitaka usome kwanza."

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimenyamaza zaidi ya miaka ishirini, nilishazoea. Lakini sauti ilitoka yenyewe.

"Baba, moto ule niliuwasha mimi."

Mama alishika mdomo. Baba akachukua hindi jingine.

"Najua," alisema.

"Umejua lini?"

"Siku ileile. Nchi nzima ilikuwa imeungua. Ungepata wapi panya tisa kama si mle?"

Nikamkumbuka vizuri jioni ile, amekaa palepale, nyusi zimeungua, anatafuna taratibu.

"Na ukawala?"

"Uliniletea mwenyewe, kwenye sahani. Ulikuwa unaniangalia kama nitasema ni watamu."

"Kwa nini hukunipiga?"

"Fimbo niliichukua. Nikafika nayo mpaka mlangoni. Nikasema, nikimpiga nitamwambia nampigia nini? Nikimwambia ilikuwa shule yake, atalala vipi?" Akajifuta mikono kwenye magoti. "Nikairudisha."

Mimi ndiye niliyemtangaza mtu huyu Katandala nzima. Nilitaka kusema samahani. Nililia mbele yao, mtu mzima, na wala sikujificha.

Baba aliinuka, akachukua jembe lililoegemea ukutani, akanionyesha mteremkoni kwa kidevu.

"Twende nikuonyeshe mipaka. Visiki bado vipo, tutavikwepa." Akatangulia hatua chache, kisha akasimama bila kugeuka. "Huyo mtoto akianza tu kusikia maneno, mlete hapa umwambie ni miti yake. Mimi sikukwambia."