Valvu Niliyoinyamazia

Kiwanda chetu cha maziwa kiko nje kidogo ya Mweiga, na mimi ndiye ninayepika boila. Tunasema kupika kwa sababu kazi yenyewe ni kama ya jikoni: unasukuma kuni, unaangalia maji, unahakikisha mshale wa geji ya mvuke haushuki, na mvuke unapita kwenye mabomba hadi chumba cha kuchemshia maziwa na kile cha mgando. Nimeifanya tangu kichwa changu kikiwa na nywele.

Asubuhi moja ya Julai, ukungu wa milima ya Nyandarua ukiwa umeshuka mpaka langoni, mwenye kiwanda alituita sote uani. Ni mama aliyerithi kiwanda kwa baba yake, na si mtu wa maneno mengi. Alituonyesha rundo la kuni za mikaratusi. Lilipaswa kutufikisha mwisho wa mwezi, na tayari lilikuwa limebaki kimo cha goti.

"Hii boila inatumaliza," alisema. "Na kuni hazipatikani tena hapa karibu. Nimeita injinia aangalie moto wetu unapotelea wapi. Akikosa dawa, nitauza maziwa mabichi, na hii kazi ya kupika tutafunga."

Tulikuwa zaidi ya watu thelathini. Palikuwa na mahali pamoja moto ulipokuwa ukipotelea, na mimi nilipajua.

Miaka kadhaa nyuma, siku yenye maziwa mengi, trapu ya nyuma ya chumba cha mgando iliziba. Trapu ni kidude cha chuma kinachotoa maji kwenye bomba na kuzuia mvuke usitoroke. Ikiziba, bomba linajaa maji na maziwa hayachemki. Nilimwomba msimamizi wa wakati huo trapu nyingine, akaniambia ningoje. Maziwa nayo hayangoji. Basi nikafungua valvu ya pembeni, maji na mvuke vikapita pamoja hadi mtaroni. Ili mtu asije akaifunga bila kujua, niling'oa mkono wake nikautia kwenye kisanduku changu cha vifaa. Nilikusudia iwe ya siku mbili. Msimamizi akaacha kazi, trapu haikuja, nami nikanyamaza. Kadiri miezi ilivyopita ndivyo nilivyozidi kuona aibu kusema. Akina mama wa chumba cha mgando walizoea kuosha gambuti zao kwa maji moto ya ule mtaro, wakidhani ni mpango wa kiwanda.

Injinia alikuwa mwanamke kijana kutoka upande wa Meru, mpole, mwenye kamera inayoonyesha joto kwa rangi. Nilipewa kazi ya kumtembeza.

"Mzee, nipeleke kila mahali," aliniambia.

"Sawa, Injinia."

Nilimpeleka kila mahali isipokuwa nyuma ya chumba cha mgando. Alipouliza kuna nini huko, nilisema kuna nyuki.

Kwa siku mbili alinionyesha mambo niliyokuwa nikiyapita kila siku. Kwenye kamera yake mabomba yaliyovuliwa blanketi zake za sufi za kuhifadhi joto yaliwaka mekundu, yakipasha hewa ya Mweiga joto bure. Maji moto yaliyorudi kutoka vyumbani tulikuwa tunayamwaga, kisha tunaanza upya na ya baridi.

"Na hizi kuni ni mbichi, Mzee," alisema. "Moto mwingi unaishia kukausha kuni yenyewe."

Siku ya tatu aliniita ofisini mbele ya mwenye kiwanda. Karatasi zilikuwa zimetandazwa mezani.

"Nimejumlisha yote niliyoona," injinia alisema, "na bado kuna mvuke mwingi sijui unaenda wapi. Kama hauvuji njiani, basi boila yenyewe imechoka. Dawa ni kununua nyingine."

Mwenye kiwanda aliweka kalamu chini. "Boila mpya siwezi. Basi ni kufunga."

Niliwaona wenzangu wote wakitoka langoni kwa sababu ya valvu moja.

"Madam," nilisema, "boila haijachoka. Na huko nyuma hakuna nyuki."

Nikawaeleza yote nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Nilingoja kuambiwa nikachukue vitu vyangu.

"Uliomba trapu ukaambiwa ungoje?" mwenye kiwanda aliuliza.

"Ndiyo, Madam. Lakini baadaye ningeweza kukuambia. Sikusema."

"Hukusema," alikubali, akainuka kitini. "Huo mkono wa valvu uko wapi?"

"Uko kwa kisanduku."

"Basi ulete twende."

Tulizunguka watatu hadi nyuma. Injinia alielekeza kamera yake mtaroni, kisha akacheka kwa sauti kama mtu aliyepata funguo zake. "Ni hii! Ndiyo hii!" Nilipourudisha mkono wa valvu mahali pake na kuifunga kwa majaribio, mlio wa mvuke uliokuwa umekaa masikioni mwangu miaka yote ulikatika. Nilishusha pumzi mpaka nikaona mvuke wake kwenye baridi.

Kazi ilichukua wiki kadhaa: trapu mpya, blanketi kwenye mabomba, tangi la kurudisha maji moto kwenye boila, na banda la kukaushia kuni. Sikufukuzwa. Mwenzangu wa kusukuma kuni, aliyeogopa kwamba kazi ikipungua ataondolewa, alipewa kusimamia lile banda.

Asubuhi ya kwanza, kila kitu kikiwa tayari, nilisukuma kuni na mshale ukapanda. Baada ya muda nikainuka kuongeza, kwa mazoea.

"Wacha, Mzee," mwenzangu alisema. "Imeshiba."

Kweli, mshale haukutikisika. Nikakaa kwenye gogo nikanywa chai yangu ingali moto, kitu ambacho sikuwa nimewahi kufanya nikiwa zamuni. Mwenye kiwanda alipita, akatazama geji, akanitazama mimi, akaendelea na njia yake akitabasamu.

Lawama pekee ilitoka kwa akina mama wa mgando. Walikuja wamebeba gambuti zenye tope, wakitaka kujua ni nani aliyewafungia maji.