Mwana wa Mbuzi Aliyefukizwa Udi

Nikisikia harufu ya udi, mie huanza kukasirika hata sijajua namkasirikia nani. Wenyeji wangu hudhani nina pumu, nami huwaachia wadhani hivyo. Lakini wewe nitakwambia.

Nyumbani Bondeni, Bibi alifuga mbuzi mmoja uwani. Tulimwita Bi Harusi kwa madaha yake, ingawa aliishi kwa maganda ya ndizi na majani ya kabeji tuliyomwokotea sokoni Marikiti. Alizaa wiki ile ile mamangu alipojifungua. Wanawake wote wakawa chumbani na mama, na mie, mtoto wa miaka minane, nikaachiwa mbuzi. Niliona nimepewa cheo.

Basi mdogo wangu nilishaona anavyotunzwa: ataogeshwa maji ya vuguvugu, atapakwa mafuta, kisha afukizwe udi. Nami mwana wa mbuzi nikamfanyia vivyo hivyo. Nikamwosha kwa sabuni mpaka ule utelezi wa kuzaliwa ukatoka wote, nikamkausha kwa leso ya mama, nikaiba chetezo, nikamfukiza mpaka akapiga chafya. Alinukia huyo! Nikampeleka kwa mamake nikingoja kusifiwa.

Bi Harusi alimnusa mara moja tu, akampiga kichwa. Nikamrudisha, akampiga teke. Nikambana ukutani kwa magoti ili mtoto anyonye, akajikwamua, akaniangusha ndani ya maji yangu ya sabuni. Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa akilia. Alizunguka uwa mzima akimwita mwanawe, na mwanawe yuko pale pale miguuni pake, anatetemeka kwa njaa.

"Si huyu hapa!" nikamwambia.

Siku ya pili uvumilivu ukaniisha, nikamchapa Bi Harusi kandambili ya uso. Bibi akatoka. Alimwinua mtoto akamnusa, akainusa na mikono yangu. Akampaka chumvi mgongoni ili mamake amrambe; wapi! Akamkamulia maziwa kwenye chupa, lakini mtoto hakuwa tena na nguvu ya kufyonza. Siku ya tatu akafa mapajani mwangu.

"Mbuzi huyu hana huruma," Bibi akasema. Nami nikamchukia Bi Harusi mpaka siku alipouzwa.

Nilipokuja kuwa mtu mzima nilijifungua binti. Siku nzima nilikuwa nikimnusa utosini. Shangazi zangu wakamchukua, wakamwogesha, wakamrudisha ananukia udi. Nikamnusa tena, nikamkosa. Nililia pale kitandani, nao wakadhani ni uchovu wa uzazi.

Nilimwuliza Bibi kama siku ile alijua kwamba mbuzi alimkosa mwanawe kwa harufu.

"Nilijua, mwanangu. Ulikuwa mdogo. Ningekwambia, angefufuka?"

Najua alinihurumia. Lakini bado nina hasira naye, maana alinihurumia mie kwa kumsingizia mbuzi. Na Bi Harusi alikuwa mama aliyenyang'anywa mwanawe, akawa anamtafuta, na mie nikampiga kandambili kwa kumtafuta.