Swali la Tano

Nichekeni tu, maana hapa Haydom walishanicheka wote mpaka wauza maandazi wa stendi, na kweli mama mzima na mvi zangu kulia makamasi mbele ya watu waliokuja kuomba chumba ni aibu isiyo na pa kujificha.

Chumba chenyewe kiko karibu na hospitali, kilikuwa cha binti yangu Neema kabla hajapata kazi Mwanza (mwaka wa tatu huu, kila Krismasi ananiambia mwakani mama). Kilivyokaa kitupu, watu wakaanza kusema nabagua wapangaji kwa kabila, na mimi sipendi kusemwa, basi nikaandika maswali matano kwenye daftari, yale yale kwa kila mtu, awe Mwiraqw, Mbarabaig, mwalimu au mkulima: unafanya kazi gani, mko wangapi, unapikia nini, unakunywa pombe, na la tano, utaondoka lini. Haki tupu! Nilijiona hakimu.

Jumamosi hiyo nikaamua kitu kidogo tu, kumwita jirani yangu Mama Eli aje aandike majibu ili awe shahidi, na hapo ndipo nilipojimaliza mwenyewe.

Kwenye benchi walikuwepo wawili. Fundi cherehani kutoka Masieda, kofia mkononi, akasema ataondoka baada ya mavuno. Nikasema kata jina, huyu ni wa kupita. Akafuata Martha, mama wa jamii ya wafugaji wa kule Hanang, mtoto mgongoni, kila wiki anatakiwa amrudishe kliniki na kwao ni mbali, siku hizo walikuwa wanalala kwa watu. Akanipa shikamoo yake vizuri, akajibu manne bila wasiwasi. La tano akasema, "Sijui, mama. Siku mtoto akipona."

"Kata," nikasema. "Hajui."

Mama Eli hakukata. Akafunua kurasa za nyuma (nani alimtuma?) akasoma kwa ile sauti yake ya kwaya: "Aliyesema mwezi umemkata, ataondoka mapema. Aliyesema miaka umemkata, atazoea sana. Wasiojua umewakata wote. Sasa Mama Neema, hapa anafaulu nani?"

Majirani walishasogea kwenye uzio. Kwa hasira nikasema twendeni basi mkakione hicho chumba, kwani mnadhani naficha nini, nikafungua mlango bila kufikiri, wakaingia wote nyuma yangu, na humo ndani kitanda kimetandikwa, ndala ziko chini yake, sweta la kijani la Neema liko kwenye msumari, limefuliwa juzi. Nalifua kila wiki, na hakuna anayelivaa.

Martha akaligusa sweta kidogo. "Mama, mwenye hili atarudi lini?"

Nikafungua mdomo. "Sijui."

Mama Eli akanyanyua kalamu. "Niandike?"

Watu wakacheka, na mimi nilitaka kucheka nao, kikatoka kilio, kikubwa, cha miaka mitatu, nikakaa kwenye kitanda cha mwanangu nikasema nimemkumbuka jamani, nimekumbuka anavyoniita mama tokea barabarani kabla hajafika getini. Kicheko kikaisha. Fundi akatoka nje taratibu. Martha akamshusha mtoto, akakaa pembeni yangu.

Alihamia siku hiyo hiyo. Mama Eli akapiga simu huku na kule mpaka akampatia fundi chumba kwa shemeji yake, na mimi nikamwomba fundi radhi mbele za watu. Sweta nimelichukua mimi, linanibana, lakini kwa baridi ya huku asubuhi navaa hivyo hivyo.

Nimeapa sitamuuliza tena mpangaji swali la mwanangu. Daftarini yamebaki manne. La tano namuuliza Neema mwenyewe kila Jumapili kwenye simu, na akisema sijui mama, nampa alama zake zote.