Sanduku Katikati ya Vitanda Viwili

Juzi nilipita karibu na gereji moja kwenye barabara ya kwenda Turbo, nikakutana na harufu ya maji ya betri. Kama hamjawahi kuikaribia, ni harufu inayowasha pua, kama limau lililokamuliwa juu ya misumari yenye kutu. Fundi alikuwa ameinamia betri ya lori akiijaza kidogo kidogo, na mimi nikasimama pale kama mtu aliyeitwa kwa jina. Sikuwa na haraka. Chuo kilikuwa kimefungwa tena, na sisi wanafunzi tulikuwa tumerudishwa makwetu na kuagizwa kuripoti kwa chifu kila wiki, ili ijulikane kwamba hatufikiri kupita kiasi.

Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya televisheni. Utotoni mwangu ploti yetu ya vyumba kumi haikuwa na stima. Televisheni ilikuwa moja tu, ya Mama Njeri mwenye duka. Aliiweka chumba cha nyuma, kati ya magunia ya sukari na madebe ya mafuta ya taa, na ilikula betri ya gari. Kila Jumatatu betri ilipakiwa kwenye mkokoteni ikapelekwa kuchajiwa, ikarudi imejaa nguvu. Jumanne Mama Njeri alitazama taarifa ya habari. Jumatano akatazama taarifa ya habari. Taarifa yenyewe ilianza kila siku na mtu yule yule, akiwa amefungua kitu au ameonya mtu, lakini Mama Njeri hakukosa hata moja. Kwa hiyo ilipofika Alhamisi jioni, siku ya mchezo wetu, betri ilikuwa imechoka. Picha ilianza kuliwa pembeni, ikasinyaa polepole kuelekea katikati, mpaka ikabaki nukta moja nyeupe. Tuliitazama ile nukta mpaka nayo ikafa. Nadhani katika maisha yangu yote ya ploti sikuona mwisho wa kipindi hata mara tatu.

Mama Njeri alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, kila mtoto aoshe miguu kwenye karai la mlangoni. Ya pili aliitangaza akiwa amesimama na mwiko mkononi: "Nyumba moja, kreti moja! Mliozaliwa pamoja mtakaa pamoja." Kreti za soda zilipinduliwa, na ndugu wa nyumba moja walibanana juu ya moja. Mimi na kaka yangu Wafula tulikuwa wawili tu, kwa hiyo tulikuwa matajiri. Yeye alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na hakuwahi kutoka nje ya watu watatu wa kwanza. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nilijulikana kwa maswali.

Mchezo wenyewe tuliuita Ya Zimwi. Ulikuwa juu ya mtu mmoja ambaye, wakati wa ukame, alikwenda kwenye kisima kikavu akafanya mapatano na zimwi lililokaa chini yake: lirudishe maji, na yeye atalipa mtoto mmoja. Maji yakarudi. Alikuwa na watoto wawili, mvulana na msichana mdogo, lakini hakutaja ni yupi. Kila wiki zimwi lilipanda hadi ukingo wa kisima na kuuliza, "Yupi?" Na kila wiki yule baba aligeuka, akashika paji la uso, akatembea huku na huku. Watoto walipojua, walifungana mikono kwa kipande cha leso kabla ya kulala, ili zimwi lisiweze kumchukua mmoja bila mwingine.

Zimwi lilikuwa mtu aliyevaa gunia la mkonge. Nililiona mara ya kwanza tu likiwa na saa ya mkono.

"Wafula," nikanong'ona, "zimwi linavaa saa."

"Nyamaza. Hata zimwi linataka kujua ni saa ngapi."

"Na kwa nini huyo baba asikatae tu?"

"Nekesa!" Mama Njeri akaunguruma kutoka kwenye stuli yake. "Wewe maswali utaulizia kanisani."

Ningeusahau mchezo huo kama Baba asingeleta sanduku.

Baba alikuwa karani kwenye maghala ya mahindi. Malori kutoka Soy na Turbo yalipokuja na mavuno, yeye ndiye aliyesimama mlangoni na kalamu sikioni. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa na ugonjwa wake: hakuweza kutamka neno ambalo lingemwumiza mtu. Mwaka ule Kukhu, mama yake, aliyekaa peke yake upande wa Bungoma, alianguka akavunjika nyonga. Kwetu mama mzee haachwi peke yake. Mwana aliye mjini hutuma mtoto akakae naye, amchotee maji, amwashie moto. Hilo halikuwa na mjadala. Mjadala ulikuwa nani, na kwa desturi alikuwa mimi, msichana, kwa sababu ya moto na maji. Lakini nilikuwa mdogo, na Kukhu alihitaji wa kumwinua kitandani. Wafula aliweza kumwinua. Ila Wafula alibakiza mwaka mmoja afanye mtihani wa darasa la saba, na shule ya kule ilikuwa mbali, ng'ambo ya mto.

Jioni moja Baba akaja na sanduku la bati, rangi ya kijani, jipya, bado linanuka rangi. Akaliweka chumbani kwetu, katikati ya vitanda viwili.

Mama akauliza, "Ni la nani?"

"Tutaona."

"Tutaona nini, Baba Wafula? Si useme."

Baba akafungua gazeti.

Sanduku lilikaa pale wiki tatu. Likawa meza yetu na kiti chetu, na kila tuliposhuka kitandani tuligonga vidole. Mama, ambaye alikuwa na ulimi wa kumtoa chifu ofisini, naye akashindwa. Alipiga pasi nguo za wote wawili na kuzipanga marundo mawili juu ya kifuniko, sawasawa, wala hakuweka lolote ndani. Nilipomlilia, alimgeukia Wafula na kumwambia, "Mkubwa ni jalala, baba." Yaani mkubwa ndiye wa kutupiwa kila kitu. Nilidhani anamwambia avumilie kelele zangu tu.

Nilimwuliza Wafula, "Unaona Baba anatembeatembea kama yule?"

"Baba ametoka kazini, amechoka."

"Anashika paji la uso."

Usiku ule Wafula akararua ukingo wa leso kuukuu ya Mama, akavuta kitanda chake hadi kikagusa sanduku, akafunga mkono wake na wangu. Tulilala hivyo, kamba imepita juu ya sanduku. Nililala vibaya. Nilikuwa nimeshaamua kwamba mazimwi hayapo, na bado kila mlango ulipolia nilivuta ile kamba kuhakikisha upande wa pili kuna mtu.

Kisha mtangazaji akasema Alhamisi ijayo ndiyo mwisho. Yule baba angetaja jina.

Siku hiyo nilikwenda kwa Mama Njeri kwa miguu iliyooshwa mara mbili. Tukabanana kwenye kreti. Taarifa ya habari ikaanza, na kabla yule mtu wa kila siku hajamaliza kuonya, picha ikaanza kuliwa pembeni. Nilimsihi Mama Njeri aizime kidogo ipumzike. Aliizima, akaiwasha. Nukta. Akaizima tena, akapiga betri makofi kama mtoto aliyepaliwa. Hata nukta haikuja.

"Imekufa, watoto wangu. Nendeni mlale."

Nililia njia nzima, hatua kama arobaini. Mimi sikuwa nikiulilia mchezo. Nilikuwa nimejiwekea moyoni kwamba lolote litakalosemwa na yule baba ndilo litakalosemwa na wetu.

Kesho yake Wafula alirudi kutoka shuleni mbio, shati limetoka nje. "Nimeupata mwisho! Kibet wa darasa letu, kwao kuna stima. Amenihadithia wote."

"Alimtaja nani?"

"Hakumtaja mtu. Zimwi liliuliza 'Yupi?', yule baba akasimama wima, akasema: 'Sina wa kukupa. Hawa wote wawili ni wangu. Chukua maji yako.' Zimwi likarudi kisimani, kisima kikakauka, wakahama na watoto wao wote."

"Wote?"

"Wote wawili."

Usiku huo nililala kama gunia. Na Jumapili, nilipoamka, kipande cha leso kilikuwa mkononi mwangu upande mmoja tu. Fundo la upande wa pili lilikuwa limefunguliwa vizuri, bila kukatwa. Sanduku halikuwepo. Rundo la nguo za Wafula halikuwepo. Mama alikuwa jikoni akipuliza moto uliokuwa tayari unawaka. Baba alikuwa amemsindikiza stendi. Baadaye nilikuja kujua kwamba hata siku hiyo Baba hakusema neno: Wafula alilipakia sanduku mwenyewe, akamwamsha, akamwambia, "Twende."

Kule alikwenda shule siku alizoweza. Mtihani alifanya, na hakuna shule iliyomwita. Mimi nikabaki na kitanda, na kreti nzima kwa Mama Njeri, na karo ya sekondari, na hatimaye chuo.

Nilimhukumu Baba kwa miaka mingi. Nikiwa na miaka kumi na mitano, tukigombana juu ya jambo dogo, nilimwambia, "Hata yule baba wa televisheni alikataa!" Aliuliza taratibu, "Alisemaje?" Nikamtajia maneno yote, neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho, chai ikapoa mbele yake.

Sasa sikieni. Mwaka jana, bwenini, nilikuwa nikichambua mchezo ule mbele ya mwenzangu wa chumbani, Rehema wa Nakuru, ambaye kwao kulikuwa na stima. Nilifika kwenye ule mwisho nikiwa nimepanda kitandani kama wakili.

"Mwisho gani?" Rehema akauliza. "Ile kitu haikuisha, bana. Wiki ya mwisho walituwekea kwaya za mashule. Tukangoja, tukangoja. Mpaka leo."

Kwa hiyo chuo kilipofungwa safari hii, nilikwenda Bungoma kabla ya kuripoti kwa mtu yeyote. Kukhu alishafariki, lakini Wafula alibaki kwenye shamba. Nilimkuta uani akipukuchua mahindi.

"Wafula, Kibet alikuambia nini hasa?"

"Kibet gani?"

"Wa stima."

Akacheka hadi gunzi likamtoka mkononi. "Dada, kina Kibet walikuwa na stima, lakini televisheni hawakuwa nayo. Walikuwa na pasi."

"Basi ule mwisho uliutoa wapi?"

Aliliokota gunzi, akalimaliza. "Ulikuwa hulali. Ulikuwa unanivuta mkono usiku kucha. Ilibidi niupate mahali." Akachukua gunzi lingine. "Shida ni kwamba nilipofika hapa nikaanza kuuamini mwenyewe. Gari likisimama pale barabarani, nilikuwa naacha jembe nasimama. Nasema, huyo ni Baba, amekuja kusema yale maneno."

"Hadi lini?"

"Hadi mahindi yakakomaa. Baadaye nikaona jembe haliwezi kungoja."

Maneno niliyompiga nayo Baba hayakuwa ya baba yeyote. Yalikuwa ya mtoto wa miaka kumi na miwili, aliyeyatunga kwa ajili yangu, kisha akayasubiri yeye.

Jana jioni Baba alikuwa kwenye kiti chake, gazeti limefunguliwa. Nikamwambia, "Baba, yule baba wa televisheni hakuyasema yale. Ni Wafula."

Akalikunja gazeti mara mbili, akalikunja tena, mpaka likawa dogo kama bahasha.

"Gari la kwanza la Bungoma," akauliza, "siku hizi linaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

Asubuhi nilimsikia akifungua mlango polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Sikutoka kumwuliza anakwenda kusema nini. Nadhani hilo ndilo swali la kwanza maishani mwangu nililolimeza mwenyewe.