Ratili Zilizozidi Kwenye Upinde wa Akiru

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kanisani, maana sikujua kwamba karakana ya pinde ni banda tu nyuma ya nyumba ya mtu, hapa Isiolo mjini. Nilikuwa nimetoka Meru na cheti changu cha useremala. Mwenye banda alikuwa Mborana, mwanajeshi mstaafu, na kila mtu alimwita Fundi Mkuu. Alinipa ukanda wa faibaglasi, mwembamba kama rula.

"Ukunje, Nkatha."

Niliukunja, ukakubali. Nilipouachia ulinyooka kwa kishindo, kana kwamba haukuwahi kuguswa. Nilirudi nyuma hatua moja. Fundi Mkuu akacheka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya tabaka. Faibaglasi mbele, faibaglasi nyuma, na katikati mbao zilizorandwa zikawa nyembamba sana. Tulizipaka gundi, tukazibana kwenye kalibu yenye umbo la upinde, kisha tukaziweka ndani ya sanduku lenye balbu za joto mpaka gundi ishike. Ukitoka hapo, upinde unapimwa uzito wa mvuto, yaani nguvu ya mkono inayotakiwa kuuvuta. Tulikuwa tunatia kamba kwenye mizani ya ndoano, kama ile ya bucha, tunavuta, tunasoma ratili. Ukizidisha unene kwa kiasi cha karatasi tu, mkono wa mvutaji utajua.

Wateja wetu walikuwa vilabu vya michezo na hoteli za watalii. Halafu akaja Akiru, mama Mturkana wa Ngaremara. Alikuwa amepigwa risasi begani wakati wa wizi wa mifugo, na nguvu za mkono wa kulia zilikuwa zimerudi nusu tu. Kilabu cha wanamichezo walemavu kilikuwa karibu kufanya mchujo wa walenga mishale, naye alitaka kujaribu.

Tulimtengenezea upinde, ukatoka mzito. Kamba ilifika katikati, mkono ukaanza kutetemeka, akaurudisha polepole na kuangalia chini. Faibaglasi ilikuwa imetuishia, na mzigo mwingine kutoka Nairobi ungefika baada ya mchujo.

"Tupunguze huu huu," nikasema.

"Kupunguza ni rahisi," Fundi Mkuu akajibu. "Ukishatoa, kurudisha hakuna."

Tulifunga barakoa, kwa sababu vumbi la faibaglasi linaharibu mapafu. Nikaanza kusugua kingo kwa msasa uliolowa maji. Uso wa faibaglasi sikuugusa, maana nguvu iko pale. Pande za juu na chini lazima zilingane. Mmoja ukilegea, upinde unapinda vibaya na unaweza kuvunjika. Kila baada ya kusugua kidogo tulipima tena.

"Taratibu, Nkatha. Huyu mama ataweka uso wake karibu na hiyo kamba."

Hapo nikachukua msasa laini zaidi.

Mwishowe Akiru akavuta. Kamba ilifika shavuni ikatulia. Mshale ukazama kwenye gunia la nyasi kavu, naye akakaa chini akalia huku anacheka. Niliangalia matope ya msasa kwenye beseni. Yangejaa kiganja tu. Kumbe hicho kidogo ndicho kilichokuwa kimemzuia.

Kwenye mchujo hakuchaguliwa. Alirudi Ngaremara akaendelea kuvuta kila asubuhi, na mwaka uliofuata tukamwona mlangoni.

"Habari, dada Nkatha. Upinde wenu umelegea."

Nilishtuka. Nilidhani nilisugua kupita kiasi. Fundi Mkuu akatia ndoano, akavuta, akasoma, akavuta tena.

"Subhanallah," akasema. "Ratili ni zile zile."

Akiru akatuangalia, halafu akaangalia mkono wake. Hata yeye hakuwa amejua.

Sasa nimestaafu, na Fundi Mkuu alishatangulia. Pinde nilizotengeneza siwezi kuzihesabu. Lakini nikikumbuka kazi ile, namwona Akiru pale mlangoni, anakunja na kunyoosha vidole vyake, na sisi wawili, mafundi wa kupima nguvu, bado tumeshika mizani.

"Basi nitengenezeeni mzito," akasema.