Kofia ya Mjukuu wa Kokushubila

Kashozi nzima ilijua kwamba hakuna wa kumshinda Kokushubila kwa migomba minene, kahawa safi wala mjukuu mkubwa. Tulijua kwa sababu mwenyewe hakuchoka kutuambia. Mujuni alipozaliwa na kichwa kikubwa, bibi yake alitangaza kwamba ukoo umepata karani. Kichwa kilipozidi kukua, na mtoto akashindwa kukaa, matangazo yakapungua.

Jambo moja hakulitangaza kabisa. Mujuni alikuwa na mabaka mgongoni na pajani, mekundu kama buni mbivu. Kokushubila ndiye aliyempeleka mkwewe, Alistidia, kuchuma kahawa akiwa na mimba pevu, na aliamini buni ndizo zilizomtia mtoto rangi. Basi alimvalisha kanzu ndefu na kofia ya sufu, jua liwake lisiwake. Nasi majirani, tusiopitwa na jambo, tukajifanya hatuoni.

Mwaka wa 1951 bibi na mama yake wakampeleka kwa daktari Mwingereza mjini Bukoba. Kokushubila akamkaribisha kwa kahawa ya kutafuna, kana kwamba daktari ndiye mgeni. Daktari akapima kichwa.

"Huenda ni maji. Itabidi tumchome sindano kichwani tuyatoe, na ni hatari. Ana alama yoyote mwilini?"

Alistidia akamtazama mama mkwe wake.

"Hana, waitu," alisema Kokushubila, akimwita bwana kwa Kihaya. "Mgonjwa ni kichwa tu."

Daktari akachukua sindano. Mujuni akaishika rozari ya bibi yake, akacheka.

"Ngoja, waitu!" Bibi akamvua kanzu. "Ni mimi. Nilimchumisha mama yake kahawa."

Daktari akaona mabaka, mguu mmoja mnene kuliko mwenzake, na vidole viwili vilivyoungana. Akaweka sindano chini. Akafunga madirisha, akamulika kichwa kwa tochi, mwanga haukupenya kama upenyavyo majini.

"Si maji. Ubongo wenyewe umekua kupita kiasi, pamoja na ngozi na mguu. Ni ugonjwa wa nadra, hata jina lake silijui. Sindano ingemuumiza bure. Atachelewa kutembea, na degedege likimjia, mleteni upesi."

"Na buni?" aliuliza Kokushubila.

"Buni hazina kosa, mama. Wala wewe."

Alilia njia nzima, mwanamke ambaye hata mazishi ya mumewe hayakumtoa chozi mbele yetu.

Jumapili alimbeba Mujuni kanisani bila kofia, mabaka nje, akaketi benchi la mbele. Georgina, jirani yetu, akauliza ile rangi imetoka wapi.

"Ndivyo alivyozaliwa," alisema Kokushubila, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuongeza neno.