Mgebuka Wangu wa Kwanza Hakuwa na Mkia

Nyinyi vijana mnaosoma haya shingo zimeinamia simu, nyosheni migongo kwanza. Hizo picha mnazochora kwa vimraba, mnazoziita pikseli, sisi wasichana wa Ujiji tulizichora kabla mama zenu hawajazaliwa. Ndiyo! Kwa sindano!

Enzi zetu msichana akianza kupata akili alipewa sindano, uzi na kitambaa cha matundu matundu. Shule sikufika mbali, lakini kuhesabu matundu nilijua. Alasiri tulikaa barazani kwa mama mkubwa Tausi, tumeoga, jikoni migebuka, samaki wa ziwa letu, wanakaangwa kwa mawese mpaka mate yanatujaa. Mshono mmoja uliopishana kama alama ya kuzidisha, ndicho kimraba kimoja. Vikikaa vingi, unaona jogoo huyo, birika hilo! Ukiinua kichwa kabla ya kumaliza mstari, mama mkubwa anakugonga goti: "Hesabu wewe! Macho yameenda ziwani kuoga?"

Dada yangu Asha alipoolewa, niliomba kudarizi kitambaa cha kufunikia sinia la chakula la kupeleka kwa wakwe. Mama akaguna. "Ukituaibisha, utakula na paka."

Nikachagua mgebuka. Kwa pupa yangu nikaanzia pembeni, mdomoni. Nikashona kichwa, jicho, tumbo, raha imenipanda sina habari na mtu. Kufika kwenye mkia, kitambaa kimekwisha! Uzi wa buluu nao umekwisha, na sinia linaondoka baada ya swala ya Ijumaa.

Nilishika mkasi nifumue huku nalia. Mama mkubwa akaninyang'anya. "Ukifumua, chakula kitakwenda wazi. Kitakwenda hivyo hivyo."

Njia nzima mpaka Kasingirima kwa wakwe, wanawake walipiga vigelegele huku wanacheka pembeni. Mama hakunitazama hata mara moja. Mama mkwe wa dada alipopokea sinia, alikodolea macho kile kitambaa.

"Huyu mkia kauacha wapi?"

Nikajibu nyuma ya kanga ya mama: "Umeingia kwenye wali."

Yule mama alicheka mpaka akashika ukuta! Sasa, kwetu sinia hurudi na kitambaa chake. Kesho yake sinia likarudi tupu. Kitambaa kabaki nacho, kakitandika juu ya redio yake, mahali pa heshima. Niliruka uani mpaka kuku wakakimbia. Tangu siku hiyo sikuiacha sindano.

Juzi mjukuu wangu Rehema kaniletea simu, uso umevimba. Naye alikuwa anachora mgebuka wa vimraba. Kafungua uwanja mkubwa kama wa mpira, kamwaga rangi zote za dunia, kaanzia mdomoni, kichwa na tumbo vikameza uwanja wote. Mkia haukuingia!

"Bibi, nafuta. Mimi kuchora siwezi."

Nilicheka mpaka kikohozi. Nikamwambia alete daftari la hesabu, lile la miraba. Tukazungushia miraba kumi na sita kwenda juu, kumi na sita kwenda pembeni. Nikamwekea nukta katikati: anzia hapa, nenda kulia, nenda kushoto, kila upande uhesabu. Rangi tatu tu. Umbo zima kwanza, kama kivuli. Jicho mwisho, tena kimraba kimoja kinatosha. Tumboni rangi nyeupe, mgongoni nyeusi, maana jua linawaka juu lakini mgebuka tumbo lake ndilo linalong'aa, kila mtu wa ziwa hili anajua. Kisha akahamishia kwenye simu, kimraba kwa kimraba.

Jamani, samaki akatokea! Mzima, na mkia wake! Tulipiga kelele jirani akaja kuuliza kuna msiba gani.

Enzi zetu uzi ulikuwa mmoja na ulikwisha, basi kosa lako uliishi nalo, watu walilicheka, wakalizoea, mwisho wakalipenda. Siku hizi rangi haziishi, lakini mtoto akikosea mara moja anabonyeza, kazi imepotea, hata wa kumcheka hakupata. Naililia baraza ile.

Kwa hiyo nimetoa amri nyumbani, na baba yake Rehema alikuwepo akasikia: yule mgebuka wa kwanza, asiye na mkia, hafutwi. Simu ikijaa, anzeni kufuta zile picha mlizojipiga mmebinua midomo.